Koti la Ndugu Sotir

*Kwa posta*
Shkodër, 12 Aprili 1985

Kwa Ndugu Mrika,
Shamba la Serikali, Bishtaj

Nakuandikia nikiwa na majonzi yasiyo na kipimo. Jana redio ilitutangazia kwamba Kiongozi wetu, aliyetuongoza kwa miaka arobaini, ametutoka. Hapa kiwandani mashine zote zilizimwa. Wafanyakazi wa kitengo cha nyaya tulilia sana, na mimi nililia mpaka nikashikwa mkono na kukalishwa. Tumeahidi kugeuza majonzi kuwa nguvu na kuongeza uzalishaji.

Nina hakika nanyi huko, pamoja na makosa ya familia yenu, mnaomboleza kwa dhati na kuendelea kujirekebisha kwa kazi.

Mume wangu na watoto hawajambo.

Wako katika msiba,
Prena Shllaku
Kitengo cha Nyaya

*

*Kwa mkono wa Hysen*
Bishtaj, 13 Aprili 1985

Dada Prena,

Hysen anapakua mbolea, akimaliza anarudi Shkodër na lori tupu, kwa hiyo naandika mbio, karatasi juu ya goti. Barua hii haipiti posta. Hakuna wa kuifungua kwa mvuke wa birika kabla yako, basi nitasema kama mtu anavyosema na dada yake.

Amekufa. Ona, nimeliandika na mkono bado uko mahali pake.

Tulikuwa mtaroni tunazoa tope. Tangu asubuhi kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kinapiga muziki wa mazishi tu, na kila mtu alishajua, lakini nani awe wa kwanza kujua? Ukijua mapema wanauliza umejuaje. Tukaendelea kuzoa, wanawake thelathini, hakuna anayemtazama mwenzake. Tangazo lilipokuja, kiongozi wa zamu akavua kofia, nasi tukasimama na sepetu zetu. Hatukujua watu kama sisi tunatakiwa tufanye nini. Tukilia, watasema maadui wanajifanya. Tusipolia, watasema maadui wanafurahi. Mara Lena, yule mjane wa daktari, akashikwa na kicheko. Nilimwona mabega yanatetemeka. Nikamkamata kichwa, nikakizamisha kifuani mwangu, nikapiga yowe: "Ole wetu, tumebaki yatima!" Hapo wote wakapata njia. Kiongozi wa zamu aliandika majina yetu kwa sifa, la Lena likiwa la kwanza.

Sasa sikia jambo lenyewe. Jumatatu, siku ya mazishi, wageni wa Chama wanakuja kutoka wilayani, na kila shamba limeagizwa lionyeshe huzuni. Mwenyekiti wetu, Ndugu Sotir, si mtu mbaya sana. Ni mtu wa mjini, wa kusini, anaogopa tope na anaogopa simu. Kuna mtu kamnong'oneza kwamba yule Mama Dila wa kibanda cha nne alikuwa mwombolezaji mkuu huko milimani kwetu, kwamba watu walitembea siku mbili kuja kumchukua awalilie wafu wao. Basi jana kaja mwenyewe mlangoni petu, viatu mkononi, kumtaka Mama aomboleze ukumbini.

Unajua kwamba miaka minane iliyopita Mama alimlilia mtoto mchanga wa jirani, wakamsimamisha mbele ya mkutano na kumwambia kuomboleza ni ushamba. Mama hasahau kitu. Akamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, si mlinikataza?"

"Hii ni tofauti, bibi."

"Tofauti gani? Maiti ni maiti."

"Bibi Dila, mwezi wa sita kamati inakaa. Miaka yenu mitano ya kifungo cha shambani inaisha. Anayeandika maelezo ya kila familia ni mimi. Nisaidie nikusaidie."

Hapo ndipo tulipo, dada. Wakituongezea mitano mingine, itakuwa mara ya nne, na Mama atatoka hapa ana miaka sabini na sita. Hatatoka. Kifua chake hakiwezi kumaliza baridi nyingine tano ndani ya kibanda hiki, mimi ndiye ninayemsikia akikohoa.

Mama alijifunga upya kilemba. Kisha akasema, "Mimi simlilii mtu ambaye sijala mkate wake." Nikajua tumekwisha. Halafu akajijibu mwenyewe: "Lakini wa huyu nimeula miaka kumi na mitano, tena mkavu. Haya, nitamlilia. Ila kama inavyofanywa kwetu, mwanzo hadi mwisho. Sipunguzi." Sotir akamshika mikono yote miwili, akashukuru. Maskini, hajui inavyofanywa kwetu.

Hysen anapiga honi.

Mdogo wako,
Mrika

*

*Kwa mkono wa Hysen*
Shkodër, 14 Aprili 1985

Mrika,

Mzuie. Mfungie ndani ikibidi. Mwambie Mwenyekiti kwamba sauti imemkauka, ana homa, ana chochote.

Wewe ulikuwa mdogo, mimi nakumbuka msiba wa babu Gjon. Mama alisimama akamsifu: farasi wake, bunduki yake, mlango wake usiofungwa. Kisha akaanza salamu. Maiti anakwenda waliko wafu wote, kwa hiyo anapewa salamu awapelekee. Mwambie fulani mwanawe kaoa. Mwambie fulani ng'ombe wake kazaa pacha. Alituma salamu kwa wafu wa mabonde matatu mpaka jua likahama uani. Kwake yeye, bila salamu mtu hajaliliwa.

Sasa fikiri Jumatatu atamtumia nani salamu. Mbele ya wageni wa Chama! Walimpiga Baba risasi kwa kumficha padri siku tatu kwenye ghala letu, na tangu siku hiyo jina lake sijalitamka, hata nikiwa peke yangu jikoni. Wanangu wanadhani babu yao alikufa kwa mapafu. Mama akilitamka pale, si kamati tu itakayowakatalia. Watafika hadi hapa. Mume wangu Kol ni msimamizi wa zamu. Binti yetu Teuta amepata nafasi shule ya sekondari ya ualimu, ndiyo kwanza barua yake imekuja.

Na huyu kiongozi mpya hatumjui. Kila mtu hapa anaitazama picha yake gazetini kama anayetafuta dalili ya mvua. Kol anasema mtu akirithi kiti kikubwa huanza kwa kukaza, asije akaonekana mdogo kwenye hicho kiti. Wengine wananong'ona kwamba naye amechoka kama sisi. Mpaka ijulikane ni lipi, msiinue vichwa.

Ichome hii.

P.

*

*Kwa mkono wa Hysen*
Bishtaj, 17 Aprili 1985

Dada Prena,

Barua yako ilinifikia Jumatatu saa nane mchana. Mama alikuwa ameshafungua mdomo tangu saa nne asubuhi.

Ile ya posta nayo imefika leo, imegandishwa upya vizuri kuliko ulivyoigandisha wewe. Ahsante kwa hiyo "familia yenu". Mama aliniomba nimsomee. Akasikiliza yote, akasema, "Mwandiko wake umekuwa mzuri."

Haya, tafuta pa kukaa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele picha yake kubwa yenye kitambaa cheusi, chini yake meza na maua ya karatasi. Wageni walikuwa watatu: wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani. Mama yetu akapanda jukwaani na kilemba chake cheusi, akaitazama meza.

"Maiti yuko wapi?"

"Yuko mji mkuu, bibi," Sotir akamnong'oneza. "Ndiyo wanamzika."

"Basi nipe nguo zake."

"Nguo gani tena?"

"Mtu akifia mbali analiliwa juu ya nguo zake. Mimi sililii karatasi."

Ungemwona Sotir. Akawageukia wageni, wageni wakamgeukia yeye. Nani aseme kwamba nguo za Kiongozi hazipo? Nani aseme bibi asilie? Yule mgeni mkubwa akatazama saa. Basi Sotir akavua koti lake, lile la sufu la kijivu lenye kola ya manyoya ambalo shamba zima linalionea wivu, akalilaza mezani. Mama akalikunja mikono kifuani kama maiti, akaweka na kofia ya Sotir kichwani pa koti. Sisi watu wa milimani tukatazamana. Kulilia koti la mtu aliye hai ni kumwitia kifo! Mzee Mark alichora msalaba kwa kidole, mkono ukiwa mfukoni.

Kisha Mama akaanza. Dada, sauti ile ile. Nilidhani tope la Bishtaj limeshaila. Alimsifu kwanza, kama inavyotakiwa, na hakusema uongo hata mmoja: ulikuwa na nyumba kubwa, ulikuwa na walinzi mlangoni, hakuna aliyekugongea bila kutetemeka. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Halafu akaweka kiganja juu ya kola, akainama, nikajua tumefika.

*Ewe mwanamume, njia ni ndefu na huna mkoba,
nibebee salamu, huko uendako huna cheo.
Ukimkuta Pjetër Gjoni wa Lugaj,
utamjua, ana matundu matatu kifuani,
na kichwa wazi, hawakumpa nafasi achukue kofia,
mwambie Dila hajaolewa tena.
Mwambie Prena ana watoto wawili, Mrika ana ulimi.
Mwambie sijui walikomlaza.
Mwulize yeye, kisha uniambie,
au niambie wewe, maana wewe unapajua.*

Nilikuwa nimeshika mkono wa Lena. Mwandishi wa mkutano alikuwa ameinua kalamu, akabaki ameiinua. Na Lena yule yule wa kicheko akasimama: "Na Daktari Isuf, mume wangu! Mwambie miwani yake ninayo!" Akafuata mama wa kibanda cha pili: "Na Agim wangu, aliondoka ana miaka kumi na tisa, mwambie avae soksi!" Ndivyo ilivyo kwetu, mmoja akituma wote wanatuma, hakuna aliyeweza kuwazuia. Nilihesabu majina hadi arobaini, nikaacha, kwa sababu nami nilikuwa nalia na siwezi kufanya mambo mawili.

Prena, ukumbi mzima ulilia. Kilio chenyewe hasa, cha kamasi na magoti. Yule mama mwenye miwani aliivua, akafunika uso kwa kitambaa, na sidhani alikuwa anamlilia aliyeko pichani. Mgeni mkubwa alisimama kofia mkononi mwanzo hadi mwisho. Alisikia kila jina. Mama alipomaliza, mgeni huyo akamwambia Sotir, "Wilaya nzima sijaona huzuni kama hii." Uso wake haukusema kitu. Wakapanda gari, wakaondoka.

Sotir akabaki jukwaani, jasho linamtiririka na huku anaona baridi. Akanyoosha mkono kuchukua koti lake.

"Usiliguse," Mama akamwambia. "Limeshaliliwa."

Akaenda nyumbani na shati tupu. Koti bado liko mezani, wafagiaji wanapita pembeni yake.

Ataandika nini kuhusu sisi, sijui. Akiripoti yale majina, itabidi aripoti pia kwamba ni yeye aliyemwita Mama, na kwamba majina ya maadui arobaini yalitumwa kwa kupitia koti lake mwenyewe. Akinyamaza, na mgeni mkubwa asinyamaze, amekwisha yeye pamoja na sisi. Naogopa, dada. Lakini Mama tangu Jumatatu hajakohoa sana, na anakula.

Mrika mwenye ulimi

*

*Kwa mkono wa Hysen*
Shkodër, 21 Aprili 1985

Mrika wangu,

Barua yako nimeisomea kwenye choo cha kiwandani, ndipo palipo na mlango unaofungika. Nilipofika kwenye soksi za Agim ilibidi nifungue bomba ili wasinisikie.

Nina jambo la kukwambia. Ulidhani barua yangu ya posta ni uongo, kwamba nililia mpaka nikashikwa mkono. Ni kweli nililia.

Unajua siku Baba alipouawa nilikuwa bibi harusi wa miezi minne humu ndani. Mama mkwe alinifuata jikoni akaniambia, "Ukilia, unarudi kwenu, na kwenu hakuna tena." Nikavuta beseni nikakanda unga. Sikulia siku ile wala arobaini yake. Kila chozi lilipokuja, nilikanda unga. Watu wa mtaa huu wanasema hakuna mwanamke mwenye mikate laini kama yangu.

Basi Alhamisi ile, mashine zikazimwa, wote wakaanza, nami nikajilazimisha. Machozi hayakuja. Nikasema hebu niwaze kitu cha kuniliza. Nikamwaza Baba. Mrika, sikuweza tena kunyamaza. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikaanguka kati ya mashine mbili, wakanibeba. Katibu wa Chama aliandika jina langu ubaoni: "Mfano wa huzuni ya kweli." Mpaka leo liko hapo langoni. Kila asubuhi nalipita, naona haya, halafu nashikwa na kicheko kama Lena wako.

Jana nilimwambia Kol kila kitu, habari ya Mama na habari ya ubaoni. Nilingoja anifokee. Alikaa anakwaruza meza kwa ukucha. Kisha akauliza, "Mama yako alimtaja Ndoc?" Nikamwuliza Ndoc nani. Ni ndugu yake! Alipigwa risasi ziwani akiogelea kuvuka mpaka, mwaka mmoja kabla hatujaoana. Miaka kumi na mitano nalala na mtu huyu, sikujua kwamba alikuwa na ndugu. "Angeweza kumtaja," akasema, "isingemgharimu kitu." Akaondoka kwenda zamu.

Bado naogopa mwezi wa sita. Lakini woga wangu umepungua uzito, sijui nikuelezeje. Kiwandani watu wanaongea robo ya sauti badala ya kunong'ona.

Dada yako,
Prena

*

*Kwa mkono wa Hysen*
Bishtaj, 9 Mei 1985

Dada,

Koti limepata mwenyewe. Kaa usikie.

Sotir alianza kukohoa. Kikohozi cha kawaida tu, cha mtu aliyetembea na shati kwenye upepo wa Aprili, lakini nani atamwambia hivyo? Watu wetu wakipishana naye njiani wanampa pole, kwa heshima zote, kama wanaompisha marehemu. Mzee Mark alimwuliza kama ameacha watoto wakubwa. Mkewe aliposikia habari ya koti, akasema halivuki kizingiti chake. Jumapili Sotir akaja kibandani, kalibeba kwa ncha za vidole.

"Bibi Dila, liondoe hilo jambo."

"Kilio hakirudishwi, mwanangu. Si ulitaka mwanzo hadi mwisho?"

"Sasa nife?"

"Nani kasema ufe? Nguo za marehemu anapewa mhitaji, basi yamekwisha. Aliyelivaa zamani anaendelea na maisha yake."

Sotir akatutazama, akatazama mlango wetu wa magunia, akatazama kifua cha Mama kinachokohoa. Akalilaza kitandani pa Mama. "Nani mhitaji kuliko wewe," akasema. Prena, nilimwona analegea mabega kama mtu aliyetua gunia.

Mama akalivaa palepale. Linamfika kwenye vifundo vya miguu. Akamwambia, "Sasa nenda kaandike maelezo yako."

"Niandike nini?"

"Andika nililia, na ukumbi mzima ulilia. Ni uongo?"

"Si uongo." Akakaa kwenye ndoo, akajifuta uso. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, kwa hiyo akatuambia sisi. Yule mgeni mkubwa hajapeleka neno lolote. Sotir amepiga simu wilayani mara tatu kuuliza msimamo ni upi siku hizi. "Zamani nikipiga waliniambia kaza," akasema. "Sasa wananiambia ngoja. Wao wenyewe wanangoja walio juu yao, na hao juu nao wanamtazama huyu mpya, wajue anapenda nini."

Kaza limekuwa ngoja. Pengine hilo ndilo badiliko lote tutakaloliona maishani mwetu. Lakini miaka kumi na mitano sijasikia neno zuri kama hilo.

Mwambie Kol kwamba Mama ameuliza: Ndoc mwana wa nani, na alizaliwa mwezi gani? Hatumi salamu kwa mtu asiyemjua vizuri.

Mrika

*

*Kwa mkono wa Hysen*
Bishtaj, 4 Juni 1985

Dada Prena,

Leo asubuhi orodha ilibandikwa mlangoni pa ukumbi. Wa kuongezewa mitano wako kushoto, wa kuachiliwa kulia. Mimi nilisoma kushoto mara mbili, kidole juu ya kila jina, mpaka Lena akanisukuma kichwa upande wa pili. *Dila Pjetër Gjoni na binti yake Mrika.* Wamemwandika na jina la Baba, dada. Karatasi ya serikali, muhuri juu yake.

Familia kumi na moja zimeachiliwa. Mara ya mwisho ilikuwa moja. Lena yuko kushoto. Alinibusu, akaniambia nisimwonee huruma mbele ya watu, akarudi mtaroni. Nitamwachia sufuria na blanketi langu.

Maelezo ya Sotir karani kanionyesha chini kwa chini. Mstari mmoja: "Bibi huyu aliomboleza kwa dhati na kuwaamsha wengine." Basi.

Mama hakulia wala hakucheka. Alifunga mzigo kabla sijamaliza kusema, kumbe ulikuwa umefungwa tangu Mei, ulibaki kupitishwa kamba.

Sasa nakuuliza, na nakuuliza kwa mkono wa Hysen ili uweze kukataa bila mtu kujua. Basi letu linapita Shkodër tarehe kumi na tano, saa sita mchana, linasimama dakika arobaini, kisha linapanda milimani. Je, tushuke na mizigo, au tupite? Najua kazi ya Kol. Najua shule ya Teuta. Orodha imetuachilia, haikutusafisha.

Nilitaka kukuandikia maneno makali hapa, ulimi nilikuwa nao tayari, lakini Mama amekataza. Anasema huna deni lolote. Anasema kama haiwezekani usije, yeye atashuka tu anywe maji, akae kwenye benchi la kituo atazame watu wanaopita. Ukipita upande wa pili wa barabara inatosha, usigeuke. Anasema atakujua hata kwa mgongo.

Hysen atarudi Jumapili. Tutangoja.

Mrika

*

*Kwa posta*
Shkodër, 7 Juni 1985

Kwa Mama yangu Dila na mdogo wangu Mrika,
Shamba la Serikali, Bishtaj

Kwanza kwako unayeifungua barua hii: habari za kazi? Soma taratibu, ukimaliza igandishe vizuri, maana mama yangu ataiweka.

Mama, shuka na mizigo yote. Usikae kwenye benchi. Mimi nitakuwa mlangoni pa basi kabla halijasimama, pamoja na Kol na watoto, na Kol ameazima mkokoteni. Utalala chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Mkitaka kupanda Lugaj mtapanda mwezi wa nane, na mimi nitapanda nanyi.

Watoto wanajua. Niliwaambia mezani, kwa jina lake lote. Teuta alijifungia chumbani siku nzima, nikadhani analilia nafasi yake ya shule. Jioni akaja kuuliza babu alikuwa na sauti gani. Shule wakimtoa, watamtoa. Ametaka nikuandikie hivyo, kwa maneno yake.

Ndoc ni mwana wa Lazër na Age, alizaliwa Februari wakati wa theluji, alipenda sana jibini na hakuweza kupiga mluzi. Kol ametoa sweta lake. Lilikuwa limeshonewa ndani ya godoro letu, nimelilalia miaka yote hii bila kujua. Anakuomba umlilie, mwanzo hadi mwisho, na madirisha yakiwa wazi.

Mama, ulituma neno kwamba Baba yuko kichwa wazi. Sikuwahi kukuambia. Wiki ile Baba alipouawa nilipanda Lugaj nikakuta mmeshachukuliwa na mlango umepigwa misumari. Niliingia kwa dirishani. Kofia yake nyeupe ilikuwa bado inaning'inia ukutani. Nimeificha ndani ya pipa la unga, na kila nilipokanda mkate mkono wangu uliigusa.

Leo nimeikung'uta. Iko mezani, inakungoja.

Mimi,
Prena, binti Pjetër Gjoni wa Lugaj